Wapeni Vijana Kazi ya Kweli

Nenda kwenye sherehe yoyote ya kitaifa utawaona. Wamejipanga mistari miwili tangu asubuhi, sare zimenyooshwa kwa pasi, skafu shingoni, wakimsubiri mgeni rasmi ambaye ratiba inasema atafika saa tatu na ambaye atafika saa tano. Akishuka kwenye gari watampigia saluti ya vidole vitatu, binti mmoja atasogea na kumvisha skafu, makofi yatalia, picha zitapigwa. Kisha watarudi kwenye mistari yao na jua lao, mpaka hotuba ziishe. Mwenge wa Uhuru ukipita wilayani, mambo ni yale yale.

Sina ugomvi na skafu. Kumheshimu mgeni ni desturi yetu, na kijana anayeweza kusimama saa mbili juani bila kunung'unika amejifunza kitu. Lakini ikiwa skauti tunawaona hapo tu, na tunawakumbuka pale tu tunapotafuta watu wa kupanga viti na kuzuia umati usisogelee jukwaa, basi tumechukua chombo kilichoundwa kukuza viongozi tukakifanya pambo. Ninaandika kuomba tukirudishe kwenye kazi yake. Nawaandikia hasa watu wazima: mzazi, mwalimu, mwenyekiti wa mtaa, muuguzi wa zahanati, na wewe uliyewahi kuvaa ile skafu miaka iliyopita na sasa imelala sandukuni chini ya vyeti.

Tuangalie kwanza chombo chenyewe kilivyoundwa. Agosti 1907, Robert Baden-Powell, jenerali wa jeshi la Uingereza, alichukua wavulana wapatao ishirini akaenda kupiga nao kambi kwenye kisiwa kidogo cha Brownsea, kusini mwa nchi hiyo. Baadhi yao walitoka shule za ada kubwa, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa mjini. Aliwachanganya makusudi, akawagawa katika vikosi vinne vyenye majina ya wanyama na ndege, na kila kikosi akakiwekea kiongozi. Kiongozi huyo alikuwa mvulana kama wao. Ndiye aliyepaswa kuhakikisha wenzake wamelala pakavu, wamekula, hakuna aliyepotea, na kazi waliyopewa asubuhi imekamilika kufikia jioni. Mtu mzima alizungumza na viongozi wanne, na viongozi wanne wakazungumza na wenzao.

Hakulizua wazo hilo kisiwani. Miaka michache kabla, katika vita vya Waingereza na Makaburu, alikuwa kamanda wa mji wa Mafeking huko Afrika Kusini uliozingirwa kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Wavulana wa mji ule walipewa kazi ya kupeleka barua na ujumbe, wakiongozwa na mwenzao, Warner Goodyear, mtoto wa miaka kama 13. Walifanya kazi hiyo vizuri kuliko watu wazima walivyotarajia. Sifa za Mafeking zina doa lake, na si dogo: Waafrika waliokuwa ndani ya mji huo huo walipewa chakula kidogo kuliko Wazungu, na wengi walikufa njaa. Tusilifunike hilo. Skauti nayo ilitufikia kwa mgongo wa ukoloni, Kenya mwaka 1910 na Tanganyika mwaka 1917, na kwa miaka mingi mtoto wa Kizungu na mtoto wa Kiafrika hawakukaa kambi moja. Baden-Powell mwenyewe alikuja kumalizia uzee wake Nyeri, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake linautazama Mlima Kenya.

Hata hivyo, kiini cha chombo hiki wazee wetu wangekitambua mara moja. Kwa Wamasai, kila rika lina laigwanani wake, msemaji na mpatanishi anayeteuliwa kutoka ndani ya rika lenyewe. Hangojewi aote mvi. Anateuliwa angali kijana, anafundwa na wazee waliomtangulia, anakosea mbele ya wenzake na kurekebishwa, na kadiri rika linavyozeeka ndivyo naye anavyokomaa pamoja nalo. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kwamba kumpa mtoto wa miaka 14 madaraka juu ya wenzake ni kuiga Ulaya, huwa najiuliza ni Ulaya ipi hiyo iliyokuwa Monduli na Narok.

Mwaweza kusema: lakini shuleni tuna viranja. Ni kweli, tunao, na wengine ni hodari sana. Ila tazameni kazi ya kiranja wa kawaida. Anaandika majina ya wapiga kelele, anasimamia zamu ya usafi, anashika fimbo mwalimu akiwa hayupo. Macho yake yanaelekea juu, kwa mwalimu aliyempa cheo, na wenzake wanalijua hilo; ndiyo maana wanamwogopa, au wanamhonga andazi asiwaandike. Kiongozi wa kikosi cha skauti hana orodha ya kupeleka ofisini. Ana watu sita au saba, kazi iliyo mbele yao, na siku inayokwisha. Wenzake wakimkatalia, hana wa kumshtakia. Ni lazima azungumze nao. Huko kuzungumza ndiko shule yenyewe ilipo, na ukimwondolea kwa kumjia juu na kuamrisha kwa niaba yake, umemnyima somo alilolifuata.

Nichukue jambo dogo kabisa, chakula cha kambini. Tuseme binti wa miaka 14 amekabidhiwa wenzake sita, siku mbili za kambi, na shilingi 40,000 walizochangishana. Hakuna mtu mzima atakayempikia. Kwanza inabidi aketi na wenzake wakubaliane watakula nini, na hapo tu patakuwa na kesi, maana kila mtu anataka wali na nyama na fedha haitoshi wali na nyama kwa milo yote. Ataenda sokoni. Atagundua kwamba bei ya mchele aliyoambiwa na mama yake ilikuwa ya mwezi uliopita. Atasahau chumvi, au atakumbuka chumvi asahau kiberiti. Maharage yasiporowekwa usiku yatachukua saa tatu jikoni, na kuni zikiwa mbichi yatachukua zaidi. Mmoja wa vijana wake atasema haoshi masufuria kwa sababu nyumbani yanaoshwa na dada zake. Mwingine hasemi lolote, anakaa pembeni, na kiongozi asipomtazama vizuri hatajua kwamba huyo ni mgonjwa tangu mchana.

Katika mlo huo mmoja kuna bajeti, mipango, kugawa kazi, kumsikiliza asiyesema, na kumwambia rafiki yako ukweli bila kumpoteza. Kuna hata siasa za jinsia, zilizojificha ndani ya sufuria chafu. Semina ya hotelini yenye vitabu vya rangi na chai ya saa nne haimfundishi mtu hayo, nami nimekaa kwenye semina nyingi za namna hiyo nikila sambusa kwa bidii.

Na mtu mzima yuko wapi wakati huo wote? Yuko hatua chache pembeni, anaona. Anaona kuni mbichi. Anaona maharage hayajarowekwa. Ulimi unamwasha kusema, "Lete hapa nikuonyeshe." Huo ndio mtihani wa mlezi, na ni mgumu kwelikweli, hasa kwetu tuliolelewa tukiambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akiwaona wanaelekea kuungua moto, ataingilia papo hapo. Akiona wanaelekea kula saa nne usiku, atavuta kiti na kungoja. Watakula saa nne usiku, wamekasirika, na kesho yake yale maharage yatarowekwa bila mtu kukumbushwa.

Kuna sehemu ya pili ambayo makundi yetu mengi huiruka, nayo ni kikao. Tangu mwanzo skauti wamekuwa na baraza la viongozi wa vikosi, ambapo vijana wenyewe hukaa, hupanga ratiba, husikiliza malalamiko, na huamua aliyekosea afanyiwe nini. Mlezi huhudhuria kama mshauri. Ana neno, hana rungu. Ninalipenda baraza hili kuliko gwaride lote, kwa sababu ndimo kijana anamojifunza kushindwa kwa hoja na bado akatekeleza uamuzi wa wengi. Tunalalamika kwamba wanasiasa wetu wakishindwa hawakubali. Walijifunzia wapi kukubali?

Msidhani nazungumzia skauti peke yao. Girl Guides, waliokuwapo Kenya tangu mwaka 1920, wana mfumo unaofanana sana. Vijana wa Msalaba Mwekundu wanaofanya mazoezi ya huduma ya kwanza, klabu za kilimo za 4-K mashuleni Kenya, vikundi vya vijana vya misikiti na makanisa: popote vijana wanapojitolea kwa ajili ya wengine, neno hili linawahusu. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Tanzania Julai 1963, lina shule yake na nidhamu yake, lakini kule amri inashuka kutoka juu, na ndivyo jeshi linavyopaswa kuwa. Kikundi cha hiari kinaishi kwa kukubaliana, maana asiyeridhika Jumamosi ijayo haji.

Sasa nije kwenye kazi zenyewe tunazowapa. Hapa ndipo ninapoona tunawakosea zaidi. Mara nyingi tunawapa kazi ya siku moja, yenye bango na mpiga picha: kufagia soko asubuhi, kupanda miti mia mbili. Jioni soko limechafuka, na baada ya miezi mitatu miti imekauka. Kijana si mjinga. Anajua kwamba aliitwa kwa ajili ya picha, na somo analolipata ni kwamba uongozi ni kuonekana.

Wangari Maathai, ambaye alikuwa mtoto wa Nyeri, alilielewa jambo hili mapema. Miti saba waliyoipanda pale Kamukunji, Nairobi, Juni 1977 ndiyo iliyoanzisha vuguvugu lake la kupanda miti, Green Belt, na mingi kati ya hiyo saba haikudumu. Baadaye akina mama wa vijijini walipoanza kuotesha miche kwa wingi, walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika na kumea. Waliotunza walipata, kuchimba shimo tu hakukuwa na malipo. Akina mama wale walijifunza kuhesabu, kutunza kumbukumbu, kufuatana na kukumbushana, na wengi wao hawakuwa wamekaa darasani muda mrefu.

Basi tufanye hivyo na vijana wetu. Badala ya miti mia mbili ya mgeni rasmi, wapeni miti ishirini ya zahanati, na miezi kumi na miwili. Wajue nani anamwagilia mwezi wa kiangazi shule ikiwa imefungwa. Wajue mbuzi wa nani huvunja uzio, na waende wenyewe kwa mwenye mbuzi, kwa adabu, mpaka mbuzi afungwe. Badala ya kufagia soko mara moja, wapeni kivuko cha watoto mbele ya shule ya msingi, kila siku ya shule kwa muhula mzima. Ratiba waipange wao, na siku zamu isipofika waje kutueleza ilikuwaje. Tutawajua viongozi katikati ya muhula, hamasa ya mwanzo ikishaisha.

Wapeni na fedha. Najua hapo wengi mnashtuka. Kikundi kina mtunza hazina wa miaka 16 kwa jina, lakini fedha ziko kwenye simu ya mlezi na namba ya siri anaijua mlezi. Mtunza hazina huyo anatunza nini? Aanze na daftari na kiasi kidogo. Kila shilingi iandikwe, itolewe kwa saini za wawili, na mwisho wa kila mwezi hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote. Ikipungua shilingi 2,000, tuketi tuitafute pamoja. Afadhali upungufu huo atuletee sasa kuliko atuletee ule wa milioni mia mbili akiwa ofisini halmashauri.

Na jambo la wasichana, nalisema kwa ufupi kwa kuwa halihitaji maneno mengi. Angalieni vikundi vyenu. Mwenyekiti mvulana, katibu msichana, eti kwa sababu ana mwandiko mzuri. Mweka hazina msichana, eti kwa sababu wasichana ni waaminifu. Kwenye kambi, wasichana jikoni. Zungusheni vyeo kila muhula, na mvulana mwenye mwandiko mbaya aandike kumbukumbu mpaka utengemae.

Wazazi wana hofu mbili, na zote nazielewa. Ya kwanza ni masomo. Mtihani wa taifa hauulizi nani aliongoza kikosi, na Jumamosi ni siku ya twisheni. Siwezi kuwaahidi kwamba skauti itamwongezea mtoto alama. Ninachoweza kusema ni kwamba cheti peke yake hakimsaidii kijana asiyeweza kusimama mbele ya watu kumi akaeleza anachotaka, na waajiri wamelilalamikia hilo mpaka sauti zimewakauka.

Hofu ya pili ni usalama, nayo ni nzito zaidi. Mtoto wangu atakuwa na nani? Mzazi anayeuliza hivyo asionekane msumbufu, ajibiwe vizuri. Mlezi kukaa kimya hakumaanishi kuondoka, na kuwaachia vijana madaraka hakumaanishi kuwaacha peke yao. Chama cha skauti duniani kina miongozo ya kumlinda mtoto dhidi ya madhara, na kanuni moja rahisi inapaswa kubandikwa kwenye kila ukuta: mtu mzima asibaki faraghani na mtoto mmoja, siku zote wawepo watu wazima wawili, na pawe mahali panapoonekana. Kila kambi iwe na orodha ya majina na namba za simu za wazazi, idhini iliyoandikwa, na mtu anayejua huduma ya kwanza. Kikundi kisichotaka kujibu maswali hayo, mwondoe mwanao leo, na uwaambie wazazi wengine kwa nini. Na mtoto mwenyewe ajue kwamba cheo cha mlezi hakimfungi mdomo.

Watu wazima wawili ndipo tunapokwama. Makundi mengi yana mmoja, tena mwalimu mwenye vipindi vingi na mshahara ule ule. Ndiyo sababu ninakuomba wewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na karibu nusu yao hawajafikisha miaka 18. Watoto hao hawatapata walezi kwa tangazo la ajira. Watawapata miongoni mwa majirani zao.

Huhitaji kuwa umewahi kuvaa sare. Kama wewe ni fundi bomba, kuna kikundi cha vijana ambao wangeweza kutunza bomba la kijiji lisikae limekufa wiki sita kwa ajili ya washa moja, kama kuna mtu wa kuwaonyesha washa ni nini. Kama ni muuguzi, wafundishe kufunga jeraha na kumlaza vizuri aliyezimia, kisha wao wawafundishe wa darasa la nne, nawe usikilize wanavyofundisha. Dereva wa bodaboda anajua kona ipi ya barabara inaua, awaeleze. Mhasibu mstaafu, lile daftari nililolitaja linakungoja. Na wewe mwenyekiti wa mtaa au mzee wa kijiji, wape vijana nafasi kwenye mkutano wako, dakika kumi, waeleze kazi waliyoifanya na waulizwe maswali magumu kama wanavyoulizwa wakubwa. Wakikosea namba, waambiwe. Msiwapigie makofi kwa kuwa ni watoto.

Kuna wakati utakwenda Jumamosi ukute vijana wanne tu kati ya ishirini na tano. Kuna kiongozi wa kikosi atakayelewa cheo akaanza kuwatuma wenzake wamnunulie soda, na baraza litalazimika kumwita. Nenda na Jumamosi inayofuata. Vijana huwahesabu watu wazima wanaorudi, na hesabu yao ni kali.

Ukitaka kuanza, usingoje barua ya mwaliko. Nenda shule iliyo karibu na kwako ukaulize kwa mwalimu mkuu: kundi la skauti au Girl Guides lipo? Mlezi ni nani? Hukutana lini? Huenda ukajibiwa kwamba lipo, mlezi ni mwalimu fulani, na hukutana akipata nafasi. Mtafute mwalimu huyo. Mwambie unaweza kuja Jumamosi mbili kila mwezi, mwaka mzima, na kwamba siku ya kwanza ungependa kukaa nyuma tu, usikie viongozi wa vikosi wakieleza wamepanga kufanya nini.